Chini ya sekunde moja: Pepsi na sindano za Juni 1993

Kila mkufunzi wa uhusiano wa umma ana kisa cha Tylenol mfukoni. Mwaka 1982 watu saba walikufa Chicago na vitongoji vyake baada ya kumeza dawa ya kutuliza maumivu ambayo mtu alikuwa ameitia sumu ya sianidi. Johnson & Johnson, wenye dawa hiyo, wakaondoa sokoni chupa zipatazo milioni 31 kwa gharama iliyopita dola milioni 100, kisha wakarudi na kifungashio ambacho mtu akikichezea kinaonyesha. Ni kisa kizuri na sina ugomvi nacho. Ugomvi wangu ni jinsi kilivyorudiwa mpaka kikageuka amri: bidhaa yako ikituhumiwa, omba radhi, ondoa kila kitu madukani, mkurugenzi akae mbele ya kamera akiwa na uso wa msiba.

Mimi napendelea kufundishia kisa kilichotokea miaka 11 baadaye. Kampuni ilituhumiwa nchi nzima, ikagoma kuondoa bidhaa sokoni, ikagoma kuomba radhi kwa kosa ambalo haikuamini kuwa ni lake, na ndani ya wiki moja na ushei moto ukawa umezimika. Ni kisa cha Pepsi na mabomba ya sindano.

Wiki yenyewe

Kilianzia Tacoma, jimbo la Washington, kaskazini magharibi mwa Marekani, kwenye tarehe 9 na 10 Juni 1993. Familia moja ilisema imekuta bomba la sindano ndani ya kopo la Diet Pepsi. Haikupita muda, mtu mwingine wa maeneo hayohayo naye akasema amekuta. Vyombo vya habari vya pale vikaibeba habari, na kwa kuwa soda yenyewe inauzwa kila kona ya nchi, haikukaa pale.

Jumapili ya tarehe 13, Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani, FDA, ikawashauri wanywaji wa ukanda ule wamimine soda kwenye glasi kabla ya kunywa, waone kama kuna kitu. Ushauri wa busara kabisa. Lakini mtu aliyewahi kukaa kwenye dawati la mawasiliano anajua sentensi kama hiyo inafanya nini ikisomwa kwenye taarifa ya habari: inamwambia kila mtu mwenye kopo mkononi kwamba humo ndani huenda mna kitu. Na inamwambia mwingine, mwenye nia mbaya au mwenye hamu ya kuonekana kwenye televisheni, kitu gani hasa cha kusema. Kuanzia Jumatatu madai yalimwagika. Sindano, pini, skrubu, hata risasi. Kabla ya wiki kwisha yalikuwa yamepita 50, kutoka majimbo zaidi ya 20.

Tukumbuke pia mwaka wenyewe. 1993 UKIMWI ulikuwa hukumu ya kifo, dawa za mchanganyiko zilizokuja kubadilisha mambo zilikuwa bado, na hakuna kitu kilichotisha kama sindano iliyotumika na mtu usiyemjua. Kama yule mtu wa kwanza angesema amekuta kizibo au kipande cha plastiki, nadhani tusingekuwa na kisa cha kujadili.

Waswahili husema lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Huo ndio ukuta uliokuwa mbele ya Pepsi. Watu 50 wasiofahamiana, miji mbalimbali, wote wanasema kitu kimoja: nani ataamini kwamba wote hawasemi kweli? Kwa akili ya kawaida wingi wa mashahidi ni ushahidi. Kampuni ikisimama na kusema "ni uongo" inaonekana inawatukana wateja wake. Ikikaa kimya inaonekana ina la kuficha.

Ndani ya kiwanda

Ukitaka kuelewa kwa nini Pepsi walithubutu kusimama, uingie kiwandani pamoja nao. Walichofanya ndicho hicho: wakaiingiza nchi nzima kiwandani.

Kopo tupu likifika kwenye mtambo wa kujazia halina mfuniko, liko wazi juu. Linapinduliwa mdomo chini, linapulizwa au kusafishwa kwa maji likiwa hivyohivyo, kwa hiyo chochote kilichokuwemo kinaanguka. Linageuzwa. Linajazwa. Linapigwa mfuniko. Mtambo unapitisha makopo kama 1,200 kwa dakika, maana yake 20 kila sekunde, na muda ambao kopo moja linakaa wazi, limegeuzwa na linasubiri mfuniko, ni sekunde 0.9. Mtu anayetaka kutumbukiza bomba la sindano humo analenga tundu linalompita kasi kuliko jicho linavyoweza kufuata, na baada ya hapo afanye hivyohivyo kwenye kiwanda kingine, cha jimbo jingine.

Kampuni ikapiga picha za video za mtambo huo na kuzirusha kwa setilaiti kwa vituo vya televisheni, bure, vizitumie vitakavyo. Vikazitumia. Tarehe 15 Juni, Jumanne, watazamaji waliokuwa wamelishwa siku tatu nzima picha za kopo na sindano wakaona kitu kingine: mstari mrefu wa fedha unaokimbia, makopo yamepinduliwa, yanajaa, yanafungwa, hakuna mkono wa mtu. Huhitaji kuambiwa neno. Ukitazama mara moja unajiuliza mwenyewe, sasa hiyo sindano iliingiaje?

Siku hiyohiyo Craig Weatherup, rais wa Pepsi-Cola Amerika Kaskazini, alizunguka vipindi vya habari kutoka studio moja hadi nyingine. Hoja yake ilikuwa ya mtu anayejua ghala lake. Kila kopo lina namba za uzalishaji chini yake. Makopo yaliyolalamikiwa yalitoka viwanda tofauti na yalijazwa nyakati tofauti, mengine miezi kadhaa nyuma. Ili madai yote yawe ya kweli, watu wasiojuana wangepaswa kuyachafua makopo katika viwanda tofauti kwa miezi, halafu makopo hayo yote yasubiri rafu zao na kufunguliwa ndani ya wiki moja. Hakuitisha huruma. Alitoa hesabu, akamwachia msikilizaji aipige.

Kwenye kipindi cha usiku cha televisheni ya ABC alikaa pamoja na David Kessler, kamishna wa FDA, mtu ambaye kazi yake ilikuwa kumbana. Nadhani hiyo ndiyo picha iliyofanya kazi kubwa kuliko zote za wiki ile baada ya picha ya mtambo. Kessler hakuwa mtetezi wa kampuni za soda na kila mtu alilijua hilo. Aliposema kwamba hakuna ushahidi wa hujuma ya nchi nzima na hakuna sababu ya kuondoa bidhaa, neno lake lilikuwa na uzito ambao Pepsi wasingeweza kuununua kwa bei yoyote. Akakumbusha pia kwamba kutoa taarifa ya uongo ya kuchafuliwa kwa bidhaa ni kosa la jinai: sheria iliyotungwa mwaka 1983, baada ya Tylenol, ilifikisha adhabu miaka mitano jela na faini ya dola 250,000.

Baada ya hapo mambo yalikwenda mbio. Watu wakaanza kukamatwa, wengine wakakiri kwamba walitunga. Halafu ikapatikana kanda ya kamera ya ulinzi ya duka moja huko Colorado. Anaonekana mwanamke kwenye kaunta, ana kopo lake la Diet Pepsi. Analiteremsha chini ya usawa wa kaunta, mikono inashughulika na kitu, kisha kopo linarudi juu na anadai amekuta bomba la sindano ndani. Muuzaji yuko mbele yake, hajaona kitu. Kamera iko juu, imeona chote. Kampuni ikairusha kanda hiyo kwa vituo vyote tarehe 17 Juni, siku ambayo Kessler naye aliitisha waandishi na kuyaita madai hayo kwa jina lake: uzushi. Njia ya mwongo kuwa fupi sijawahi kuiona imefupishwa namna ile.

Siku chache baadaye Pepsi wakanunua kurasa nzima za magazeti. Kichwa cha tangazo kilisema kwamba Pepsi ina furaha kutangaza... hakuna kitu.

Kwa nini kugoma kulikuwa sahihi

Wanafunzi wengi wakisikia kisa hiki husema Pepsi walikuwa na bahati au walikuwa na kiburi. Nadhani wanakosea hesabu moja ndogo, na ndiyo inayotenganisha kisa hiki na cha Tylenol.

Kuondoa bidhaa sokoni kuna maana ikiwa utarudi na kitu tofauti. Johnson & Johnson walikuwa na kosa la kurekebisha hata kama si wao waliolitenda: kapsuli zao ziliweza kufunguliwa, kutiwa sumu na kufungwa tena, na chupa ilikuwa haisemi kitu. Walirudi na chupa inayosema. Zaidi ya hapo, watu walikuwa wamekufa na sumu ilikuwa imethibitika maabara.

Pepsi wangerudi na nini? Kopo lilelile, mtambo uleule, mfuniko uleule. Wangemwaga mamilioni ya makopo, wakayajaza mengine, na asubuhi ya kurudi mtu mmoja katika mji wowote angetumbukiza sindano na kupiga simu. Wangeondoa tena? Kuondoa bidhaa kungekuwa kukiri kosa ambalo hawalijui lilipo, na kuwapa waongo uthibitisho kwamba wanaweza kuisimamisha kampuni kwa bomba la sindano moja. FDA nao waliwaambia hawaoni haja hiyo. Hakukuwa na mtu aliyethibitika kudhurika.

Kwa hiyo uamuzi haukuwa wa ushujaa. Ulikuwa wa uhandisi. Ofisi ya mawasiliano iliweza kusema "hapana" kwa sababu watu wa uzalishaji waliweza kuionyesha kwa nini.

Weka pembeni yake kisa cha Perrier, maji ya chupa ya Ufaransa, Februari 1990. Benzini, kemikali yenye sumu, ilikutwa ndani ya chupa zilizopimwa North Carolina, Marekani. Kampuni ikaharakisha kujibu, ikasema tatizo ni la mtambo mmoja unaojaza chupa za Marekani, mfanyakazi ametumia dawa ya kusafishia isiyofaa. Kisha benzini ikakutwa kwenye chupa za nchi nyingine. Maelezo yakabadilika: ni vichujio kwenye chemchemi yenyewe, havikubadilishwa kwa wakati. Mwishowe wakaondoa chupa kama milioni 160 duniani kote. Kwa kipimo cha amri ya Tylenol, Perrier walifaulu mtihani: waliongea mapema, waliondoa bidhaa, walitumia fedha nyingi. Jina lao halikurudi lilivyokuwa. Walichokosa ni kujua kilichomo ndani ya bomba lao wenyewe kabla ya kufungua mdomo, na msikilizaji akishakukuta na maelezo mawili hasubiri la tatu.

Nimewahi kukaa kwenye kikao cha namna ile ya Perrier, mahali nisipopataja. Malalamiko yameanza saa tatu asubuhi, saa nne tunaandika taarifa kwa vyombo vya habari, na hakuna hata mmoja kati yetu tuliozunguka meza ile aliyekuwa amewahi kukiona chombo kilichokuwa kinalalamikiwa. Tulibishana nusu saa nzima kama tuandike "tunasikitika" au "tunasikitishwa". Saa sita mtu wa karakana akapita kutafuta chai, akatuambia kwa sentensi mbili kilichotokea, na taarifa yetu ilikuwa imeshatoka ikisema kinyume.

Yasiyoonekana kwenye kanda

Kitu ambacho hakipewi nafasi kwenye masimulizi ya Pepsi ni kazi ya ndani. Soda zao hazikujazwa zote na kampuni mama. Kulikuwa na mtandao mpana wa wajazaji, kila mmoja na madereva wake, wauzaji wake, na wenye maduka wanaomwamini yeye kuliko rais yeyote wa kwenye televisheni. Mwenye duka akiona habari usiku, asubuhi hampigii simu Weatherup. Anamuuliza dereva anayeshusha kreti: vipi hizi, niziweke au nizirudishe? Dereva akijibu "hata mimi nimeona kwenye TV tu", umepoteza rafu hiyo, na huna tangazo litakaloirudisha.

Kampuni ilikuwa inawatumia wajazaji hao taarifa za kila siku, nini kimejulikana, nini hakijajulikana, nini cha kumjibu mteja, na ilikuwa na namba ya simu ya bure iliyopokewa na watu waliopewa majibu hayohayo. Hayo ni mambo ya kuchosha, hayaingii kwenye tuzo. Lakini ndiyo sababu kauli ya kampuni ilikuwa moja kutoka studio hadi mlango wa nyuma wa duka. Kuna maduka yaliyoondoa makopo rafuni, mengi yakayabakisha, na mauzo yakashuka kwa asilimia chache tu kabla ya kupanda tena.

Sitaki kuwapaka asali pia. Kuna mambo mawili yananikera kwenye kisa hiki.

La kwanza ni siku tano za mwanzo. Kuanzia habari ya Tacoma hadi siku picha za mtambo ziliporuka, hadithi ilikuwa mikononi mwa wengine. Pepsi walilichukulia kuwa jambo la mkoa, la mjazaji wa kule, mpaka lilipowafikia mlangoni. Najua utetezi wao: ukikimbilia televisheni ya taifa kwa kopo mbili za mji mmoja, wewe ndiye unayeisambaza habari. Ni utetezi wa haki, na kwa 1993 huenda hata ulikuwa sahihi. Leo kopo la kwanza lingepigwa picha kwa simu na kufika nchi tatu kabla meneja hajamaliza kifungua kinywa. Yule anayenakili mkakati wa Pepsi anakili na siku tano zake, halafu anashangaa.

La pili ni zile video. Zilipigwa na kampuni, zikahaririwa na kampuni, na vituo vingi vikazirusha ndani ya taarifa ya habari kana kwamba ni kamera zao. Zilionyesha ukweli, sawa. Lakini mtazamaji alikuwa na haki ya kujua nani ameshika kamera, na njia hiyohiyo baadaye imepitishiwa mambo ambayo hayakuwa kweli hata kidogo. Kama ningekuwa nashauri, ningewaita waandishi waingie kiwandani na kamera zao wenyewe, wachague kona wenyewe, wasimame penye mfuniko wahesabu. Inachukua muda mrefu zaidi na huwezi kuchagua picha. Mtambo wa Pepsi ungestahimili. Ulikuwa hauna la kuficha.

Lile tangazo la mwisho nalo watu wamegawanyika. Wapo wanaoona lilikuwa la majivuno, kampuni imetoka kwenye taharuki inafanya mzaha. Mimi nalipenda. Nimesoma mamia ya taarifa za kufunga mgogoro, na karibu zote zinarudia mgogoro wenyewe kwa aya tano kabla ya kusema umekwisha, hata aliyekuwa hajausikia anausikia siku hiyo. Hawa walinunua ukurasa mzima kusema hawana la kusema, wakawashukuru waliobaki nao, wakatangaza punguzo la bei kuanzia wikiendi ya tarehe 4 Julai, sikukuu ya uhuru wa Marekani, wakaenda zao.

Mwanzoni mwa kila darasa jipya huwa nawauliza maofisa uhusiano swali moja kabla sijataja jina la Pepsi. Bidhaa au huduma ya taasisi yako, ni hatua gani ambapo mtu anaweza kuiharibu, na hatua hiyo inachukua muda gani? Wengi huangaliana. Mmoja akaniuliza kama hilo si swali la idara ya uzalishaji. Nikamwomba ampigie mtu wa uzalishaji hapohapo, atuulizie. Hakuwa na namba yake.